Peasi lililookotwa jalalani

Mwaka 1888, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo, kijana wa miaka 13 aitwaye Matsudo Kakunosuke aliona mche umejiotea kwenye jalala nyuma ya nyumba ya ndugu zake. Hakuna aliyeupanda. Baba yake alikuwa mkulima wa mapeasi, kwa hiyo mtoto yule alilijua jani la mpeasi kabla hata ya kuligusa. Akaung'oa mche taratibu, akaupeleka shambani kwao, akauotesha upya. Mti ukakaa miaka kumi bila kuzaa chochote cha maana. Mwaka 1898 ukatoa tunda ambalo watu wa eneo lile hawakuwa wamezoea kuliona: ngozi laini ya kijani inayoelekea umanjano, wakati mapeasi mengi ya Japani ya siku hizo yalikuwa ya kahawia na yenye ngozi ya kukwaruza. Ndani lilikuwa jeupe, limejaa maji, na maji yenyewe matamu.

Mwaka 1904 likapewa jina la Nijisseiki, yaani Karne ya Ishirini, maana waliolionja waliamini kwamba ndilo peasi la zama zinazokuja. Mwaka huohuo mkulima Kitawaki Eiji alinunua miche kumi akaipeleka Tottori, mkoa ulio kando ya Bahari ya Japani. Mitatu kati ya hiyo imetunzwa hadi leo, na ua la Nijisseiki ndilo ua rasmi la mkoa huo. Mti mama haukubahatika hivyo. Serikali iliutangaza kuwa kumbukumbu ya asili mwaka 1935, ukaunguzwa na mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kufikia 1947 ulikuwa umekufa. Mtaa wa mji wa Matsudo ambako mti huo uliota sasa unaitwa Nijisseikigaoka.

Habari hii ina uzito kwa yeyote anayewaza kupanda mpeasi wa Kiasia nyumbani, kwa sababu inaonyesha asili ya mti wenyewe. Huu si mti wa kupanda halafu ukausubiri mvua imalize kazi. Jicho la mtu ndilo lililouokoa, na mpaka leo mazao yake mazuri hutokana na mikono inayorudi kwenye tawi lilelile mara nyingi kwa msimu. Wakulima wakubwa wa Japani wanalia na jambo hili: vijana wameondoka mashambani, wazee wamechoka, na eneo la Nijisseiki huko Tottori limepungua sana likilinganishwa na enzi zake za neema. Lakini kinachomlemea mwenye hekta mbili hakimlemei mwenye miti miwili uani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpeasi huu unapostahili kuwa.

Aliyezoea mapeasi ya Lushoto, yale yanayouzwa kwa ndoo kando ya barabara inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni, inabidi aweke kando kwanza picha aliyonayo kichwani. Yale ni ya ukoo wa Ulaya: yana shingo nyembamba na tako pana, huchumwa yakiwa magumu, kisha huwekwa ndani mpaka yalainike. La Kiasia, ambalo wataalamu huliita Pyrus pyrifolia, ni duara kama tufaa na huivia mtini. Likiiva bado ni gumu kwa kidole. Ukiling'ata linavunjika kwa mlio, na maji hutiririka hadi kwenye kiwiko usipojihadhari. Ngozi yake imenyunyiziwa vidoa vidogo, ambavyo ni matundu ya kupitishia hewa. Ndani utasikia chembechembe kama mchanga mwembamba, hasa karibu na kokwa. Hizo ni seli zilizokomaa na kuwa ngumu kama mti. Katika aina bora ni chache, katika aina za zamani zinakera meno.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Jambo linalowaangusha wengi mapema ni kupanda mmoja. Ua la mpeasi lina sehemu za kiume na za kike, lakini linaikataa chavua ya mti wake. Tena linaikataa hata chavua ya mti wa jirani ikiwa ni wa aina ileile, kwa sababu miche yote ya aina moja imebebeshwa, yaani imeungwa kwa vikonyo, vijiti vilivyokatwa kwenye mti mmoja. Kwa damu ni mti uleule uliogawanywa. Ukipanda Nijisseiki kumi bila aina nyingine karibu, utapata maua mengi ya kupendeza na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Na si kila ndoa inakubalika. Nijisseiki na Kikusui hazichavushani, kwa kuwa zinafanana mno. Niitaka, ambayo matunda yake ni makubwa sana, karibu haina chavua inayofaa, hivyo haimsaidii jirani yeyote. Kosui na Hosui, aina mbili za kahawia zilizotolewa na watafiti wa Japani mwaka 1959 na 1972, zinaelewana vizuri na huchanua karibu wakati mmoja. Kwa ua wa nyumba, jozi ya namna hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza. Mwaka 1979 kulipatikana Tottori tawi la Nijisseiki lililobadilika likawa linajichavusha lenyewe. Aina iliyotokana nalo inaitwa Osa-Nijisseiki. Mwenye nafasi ya mti mmoja tu aiulizie hiyo.

Nyuki hufanya kazi, lakini si kwa moyo, kwani maua ya mpeasi hayana nekta tamu kama ya miti mingine. Ndiyo maana wakulima wa Japani huchavusha kwa mkono. Wanachuma maua yanayokaribia kufunguka, wanatenga vifuko vya chavua, ambavyo kwa mpeasi vina rangi ya waridi iliyokolea, wanavikausha mpaka vipasuke, kisha unga ule wanauchanganya na unga mwingine uliotiwa rangi ili waone ua lipi limeshaguswa. Wanaupaka kwa kifundo cha manyoya kilichofungwa kwenye kijiti. Huko Hanyuan, katika jimbo la Sichuan nchini China, wakulima wamekuwa wakipanda juu ya miti na kufanya kazi hiyohiyo ua kwa ua, baada ya viuatilifu kuwafukuza nyuki. Sichuan ni onyo. Uani kwako, ambako hupulizi sumu wakati wa maua, brashi ndogo ya rangi na asubuhi mbili za jua zinatosha. Chukua chavua kwenye mti huu, gusa katikati ya ua la mti ule, rudi tena.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo roho ya mkulima wetu inaipinga kuliko zote: kuondoa matunda. Kishada kimoja cha mpeasi huwa na maua manane hivi. Yote yakishika, utakuwa na vitoto vinane vya kijani, kila kimoja kikubwa kama harage, vyote vinang'ang'ania chakula cha tawi moja. Chukua mkasi mwembamba. Hesabu kuanzia chini ya kishada. Lile la kwanza na la pili huwa na umbo bapa na kikonyo kifupi. Yale ya nchani huchelewa na kubaki madogo. Lililo bora kwa kawaida ni la tatu hadi la tano, lenye kikonyo kinene kinachotazama pembeni. Acha hilo moja, kata mengine yote kwenye kikonyo bila kuyavuta, kwa sababu ukivuta unaweza kung'oa kishada kizima. Kisha simama nyuma kidogo, utazame tawi. Kati ya tunda na tunda pabaki shubiri moja hivi. Wakulima wa Japani hupita tena baada ya wiki chache na kupunguza zaidi, wakikadiria majani 25 hadi 30 kwa kila tunda linalobaki. Hesabu hiyo si ya mapambo. Jani ndilo jiko la sukari, na peasi lisilo na majani ya kutosha litakuwa dogo na maji yake yatakuwa ya kawaida tu.

Najua maumivu ya kuona chini ya mti pamejaa matunda uliyoyakata mwenyewe. Lakini mti ulioachwa ubebe kila kitu hulipiza mwaka unaofuata: huzaa kidogo au hauzai kabisa, na matawi yake huvunjika kwa uzito. Mtu mwenye miti mia hupunguza haraka akiwa na wasiwasi wa vibarua. Mwenye miti miwili ana muda wa kulichagua kila tunda.

Nijisseiki ilikuja na kasoro kubwa. Kuna ukungu uitwao Alternaria unaosababisha madoa meusi, na peasi hili lina udhaifu wa kipekee mbele yake. Mwaka 1933 mtafiti wa Kijapani alionyesha kwamba ukungu huo hutoa sumu inayoiumiza Nijisseiki huku aina nyingine zikibaki salama. Ugunduzi huo ulifungua ukurasa mpya katika elimu ya magonjwa ya mimea duniani kote. Wakulima walikuwa na jibu la mikono: mfuko wa karatasi iliyotiwa nta, mmoja kwa kila tunda. Kwanza mfuko mdogo tunda likiwa changa, baadaye mfuko mkubwa, na kila mmoja ulifungwa kwa waya mwembamba kwenye kikonyo. Fikiria shamba la maelfu ya matunda, kila moja limevishwa mara mbili kabla ya kuvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba.

Jibu la pili lilitoka mahali ambapo wengi hawangetarajia. Mwaka 1962 miti ya Nijisseiki ilipandwa katika uwanja wa utafiti huko Ibaraki, wenye nusu kipenyo cha mita 100, na katikati yake chanzo cha kobalti kikitoa mionzi ya gama siku baada ya siku. Miaka ikapita. Mwaka 1981 watafiti waliona tawi moja ambalo majani yake hayakuwa na madoa kama ya wenzake. Wakalikata, wakalibebesha, wakalijaribu, na mwaka 1990 likatoka kama aina mpya, Gold Nijisseiki, ambayo haina mionzi ndani yake ila ina uvumilivu mkubwa dhidi ya ule ukungu. Tena ni habari ya mtu aliyetazama tawi moja kati ya mengi.

Mfuko wa karatasi haujapitwa na wakati, hasa kwetu. Mwaka 2003 aligunduliwa Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, ambaye baadaye alienea sehemu kubwa ya Afrika na kuwatia hasara kubwa wakulima wa maembe. Nzi huyu hutaga ndani ya matunda ya aina nyingi, mapeasi yakiwemo. Tunda lililofungwa kwenye mfuko mapema, kabla ngozi haijaanza kulainika, halifikiki. Karatasi ya kaki inafaa. Plastiki huzuia hewa na kuozesha. Fungua kona ya chini kidogo maji ya mvua yatoke.

Nimefika mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki amekuwa akiningojea: je, mti huu utazaa huku? Mpeasi hulala wakati wa baridi, na hauamki sawasawa mpaka uwe umepata mamia ya saa za ubaridi wa chini ya nyuzijoto 7 hivi. Bila hivyo huchanua ovyo, tawi hili leo, tawi lile baada ya mwezi, na majani huwa machache. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hazina jibu la swali hilo, na yeyote anayeuza huko miche ya mapeasi ya Kiasia kwa ahadi ya mazao anauza ndoto. Hali ni tofauti Makete na uwanda wa Kitulo, ambako sakitu huanguka kuanzia Juni, na katika nyanda za juu za Kenya kama Kinangop na Molo. Hata huko baridi ni ya usiku tu, mchana jua linairudisha nyuma, kwa hiyo ningejaribu kwa miti michache, si kwa ekari.

Wenye joto wenzetu wamekwishapambana na tatizo hili, na mbinu zao zinafundisha. Huko Batu, mji wa milimani katika Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima wa matufaa hupukutisha majani yote kwa mkono baada ya mavuno, na mti unadanganyika kwamba majira yamegeuka, ukachanua upya. Lakini kazi iliyonistaajabisha kuliko zote ni ya Dongshi, wilaya ya Taichung nchini Taiwan. Bondeni huko joto haliruhusu mapeasi bora ya Kijapani. Kuna mpeasi wa kienyeji uitwao Hengshan, unaostahimili joto vizuri, lakini matunda yake ni ya kukwaruza na hayana utamu wa kutosha. Katika miaka ya 1970 mkulima mmoja wa Dongshi akapata wazo: badala ya kuupeleka mti kwenye baridi, akaleta vikonyo vilivyokwisha kulala baridini, vikiwa tayari na machipukizi ya maua ndani yake, akavibebesha juu ya matawi ya Hengshan.

Vikachanua. Vikazaa mapeasi ya daraja la juu bondeni kwenye joto. Tangu hapo imekuwa desturi ya eneo zima. Vikonyo hutoka milimani au huagizwa Japani, Hosui na Kosui zikiwemo, hutunzwa kwenye majokofu, na majira ya baridi yanapofika familia nzima hukaa juu ya miti na visu na utepe mwembamba, zikibebesha mamia ya vikonyo kwa mti mmoja. Mavuno hufika katikati ya mwaka, kabla ya yale ya Japani. Na mwaka unaofuata kazi yote inaanza upya, kwa sababu kikonyo kilichozaa bondeni hakitapata baridi nyingine. Sijui kilimo kingine cha matunda ambacho mtu hubebesha mti upya kila msimu kwa ajili ya kula tu.

Je, tunaweza kuiga? Mkulima mmoja mmoja asijaribu kuleta vikonyo kwenye sanduku la safari. Mpeasi unabeba magonjwa mazito, likiwemo lile la bakteria liitwalo Erwinia amylovora, lililoanzia Amerika Kaskazini na ambalo hukausha tawi mpaka lionekane limebabuliwa na moto. Nchini Tanzania kibali cha kuingiza mimea hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na nchini Kenya na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Lakini wazo lenyewe la kubebesha linafaa hata hapa kwa hapa: mpeasi wa zamani uliopo tayari uani, wenye mizizi iliyouzoea udongo, unaweza kubebeshwa aina bora badala ya kung'olewa. Njia nyingine ni machotara. Kieffer, iliyotokana na mpeasi wa Asia na wa Ulaya, ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876 na inahitaji baridi kidogo kuliko mapeasi mengi. Tunda lake ni gumu na ni zuri zaidi kwa kupika na kuhifadhi kwenye sukari kuliko kwa kula bichi, na ni vyema muuza miche aliseme hilo waziwazi.

Kwa aliye nyanda za juu, au Mswahili aliye na bustani Oregon, Uingereza au Ujerumani, kupanda kwenyewe hakuna fumbo. Tafuta jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Nunua mche uliobebeshwa, kwani wa mbegu utakusubirisha kama ulivyomsubirisha Kakunosuke, na tunda lake huwezi kulijua kabla. Mahali pa maungio pabaki juu ya udongo. Samadi iliyooza inatosha. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, mti hutoa machipukizi mororo ambayo bakteria huyapenda. Miaka miwili ya mwanzo funga matawi kwa kamba yalale pembeni, kwani tawi lililosimama wima hukimbilia urefu na kuchelewa kuzaa. Wajapani huenda mbali zaidi: hulaza matawi yote kwenye uchanja wa waya ulio juu kidogo ya kichwa cha mtu, awali kwa ajili ya kuzuia tufani zisiangushe matunda. Uani uchanja huo unakupa kivuli cha kukalia, na kila tunda linafikika bila ngazi. Ukiwa na nafasi, ufanye.

Kama kwa jirani kuna mti wa mapambo wa jamii ya mreteni, uangalie. Kutu ya mpeasi hulala juu yake majira ya baridi, kisha hurushwa na upepo hadi kwenye majani ya mpeasi, ikaacha vidoa vya rangi ya chungwa. Baadhi ya miji ya Japani inayolima mapeasi imeweka sheria ndogo zinazokataza kupanda mreteni huo karibu na mashamba.

Kuvuna ndiko mazoea ya mapeasi ya Ulaya yanakoharibu kila kitu. Usilichume bichi ukitegemea liivie ndani, kwa kuwa halitaongeza utamu baada ya kukatika. Aina za kahawia zikigeuka kutoka kahawia yenye ukijani kuwa ya dhahabu, na Nijisseiki ikianza kuelekea umanjano, onja moja. Likiwa tamu, shika mengine ya rangi hiyo kwa kiganja, yainue juu kuelekea tawini. Lililo tayari huachia tawi lenyewe. Usilivute. Ngozi ni nyembamba kuliko inavyoonekana, na peasi lililogongwa hubadilika rangi kwa saa chache, ndiyo maana sokoni Japani kila moja hukaa kwenye kikombe chake cha sponji. Kwenye jokofu linakaa wiki nyingi, na baadhi ya aina hudumu miezi. Limenye, likate vipande ukiacha kokwa na sehemu yenye mchanga inayoizunguka, na lile likiwa baridi.